Uso wa Kisu cha Mahari

Kitambaa kilikuwepo. Kisu hakikuwepo.

Inspekta Evodia Sikazwe alisimama mlangoni mwa kibanda cha mhunzi Kalisti, nyuma ya soko la Sumbawanga, akakitazama kile kitambaa kwa muda mrefu kuliko Koplo Meshack alivyoona inafaa. Kilikuwa kipande cha khanga kuukuu, kimelowa mafuta, kimelala juu ya fuawe la kufulia chuma. Pembe zake nne zilikuwa zimekunjuliwa moja moja, kama zawadi iliyofunguliwa na mtu asiye na haraka.

Ilikuwa Jumatano ya Julai mwaka 1994, saa mbili asubuhi, na upepo wa Ufipa ulikuwa ule unaowafanya watu wazima wavae makoti mawili ya mitumba bila kuona haya.

"Mlango ulikuwaje?" Inspekta aliuliza.

"Umefungwa kwa kufuli," Kalisti alijibu. "Nimefungua mwenyewe."

"Ufunguo unakaa wapi?"

Mhunzi alikohoa. "Kwenye chungu cha majivu, hapo nje."

"Nani anajua?"

"Ni siri, Afande."

"Nani anaijua siri?"

"Wateja wangu wote. Wakinikosa huwa wanafungua na kujichukulia majembe yao."

Koplo Meshack aliinama kutafuta alama za vidole kwenye kufuli, akakuta majivu matupu. Alikuwa askari mnene, mchangamfu, mwenye kumbukumbu nzuri ya kila mahali alipowahi kula. Aliandika "majivu" kwenye daftari lake, akalifunga.

"Tuambie kuhusu kisu," Inspekta alisema. "Tangu mwanzo, mzee wangu."

Kalisti aliketi juu ya mivukuto yake ya kupulizia moto. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, na babu zake ndio waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuri ndefu za udongo ambazo hadi leo magofu yake yanaonekana kwenye mashamba ya ulezi. Yeye mwenyewe, tangu maduka yajae vitu vya kutoka Tunduma, alikuwa mtu wa kunyoosha majembe yaliyopinda. Hiki kilikuwa kisu cha kwanza kuagizwa kwake baada ya miaka sita.

Aliyekiagiza ni Ndalahwa, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Mwanawe Shija alikuwa anamwoa Coleta, binti wa Flavian, mkulima wa Msanzi. Ng'ombe wa mahari Flavian aliwapokea wote bila kumkataa hata mmoja. Lakini akaongeza sharti. Katika nyumba yao binti hajawahi kutoka bila chuma kuingia. Zamani lilikuwa jembe. Safari hii angepokea kisu, na si cha dukani, kiwe kimefuliwa na Kalisti kwa mkono. Alileta hata chuma chenyewe, springi ya lori lililokufa, kipande cha kutosha kisu kimoja tu.

"Na alisema wazi," Kalisti aliendelea. "Jumamosi asubuhi chuma kisipoingia uani kwake, watu wasijisumbue kwenda kanisani."

"Leo Jumatano."

"Ndiyo maana sijanywa hata chai, Afande."

Inspekta aligeuka kwenye ukuta. Kwenye msumari mmoja yalitundikwa mabapa matatu mafupi ya chuma, kila moja na sura yake. "Na hizi?"

Hapo mhunzi alichangamka kidogo. "Kisu kina makali, lakini kina uso pia. Mteja akishaagiza, lazima achague uso." Aligusa bapa la kwanza, jeusi kama chungu cha ugali. "Huu ni uso mweusi. Unachoma chuma, unakizamisha kwenye mafuta. Hauna makuu, hauogopi kitu." Akagusa la pili, la kijivu lenye mistari myembamba. "Huu ni wa msasa. Ukikwaruzika hakuna anayejua." La tatu hakuligusa kwa kidole, alilishika pembeni. "Na huu ni wa kioo. Majivu na ngozi ya ng'ombe, unasugua hadi mkono uombe likizo. Unaweza kunyolea ndevu hapa."

Meshack alijitazama kwenye lile bapa, akarekebisha kofia.

"Mzuri," alisema.

"Mzuri hadi siku unapoufanyia kazi," Kalisti alijibu. "Nilimshauri mzee achukue mweusi. Shija akasema wa msasa. Wiki mbili tulibishana hapa. Mzee akashikilia wa kioo, eti mtu mwenye ng'ombe mia mbili hawezi kwenda ukweni na kitu cheusi. Basi nikamsugulia. Jana adhuhuri nikamaliza, nikakipaka mafuta, nikakifunga kwenye hiki kitambaa. Saa tisa nikaenda sala za jumuiya. Nimerudi saa kumi na mbili, sikuingia huku. Asubuhi ndiyo nakuta hivi."

Walipotoka nje, Koplo alikuwa na jibu tayari. "Mwizi alikuwa na haraka, Afande. Akadondosha kitambaa."

"Mwenye haraka hakunjui pembe nne, Meshack. Na mwizi wa kisu anataka kukificha. Huyu aliacha kitu pekee cha kukifichia. Chukua hicho kitambaa. Kielelezo namba moja."

---

Ndalahwa alikuja kituoni kabla ya wao kufika. Alikuwa mrefu, kofia ya pama kichwani, fimbo mkononi, na sauti ya mtu aliyezoea kusikika kutoka upande wa pili wa mbuga.

"Shikamoo mzee," Inspekta alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeibiwa. Andika."

"Tunaandika. Unamshuku nani?"

"Loth. Yule wa duka la vyombo sokoni. Mbele ya watu alisema kisu changu atakipata kabla ya Jumamosi. Kamata huyo, kazi imekwisha."

"Na Flavian ameshapata habari?"

Ndalahwa aliegemea fimbo yake. "Amepata. Ameleta ujumbe kwamba hana ugomvi. Ila chuma ni chuma, na Jumamosi ni Jumamosi."

Alipotamka neno hilo sauti ilishuka, na Inspekta aliona wasiwasi wa kweli machoni mwake. Aliuweka akilini, kwa sababu mtu anayeibiwa huwa na hasira kwanza, wasiwasi hufuata. Huyu alianza na wasiwasi, na hasira alikuwa ameivaa tu kama ile kofia.

Loth walimkuta dukani katikati ya beseni za plastiki, vikombe vya bati na visu visivyoshika kutu, vilivyopangwa kwenye kabati la kioo kama meno. Meshack alivitoa vyote, arobaini na kitu, akavitandaza kaunta. Vyote vilikuwa na mpini wa plastiki. Kisu cha Kalisti kilikuwa na mpini wa pembe ya ng'ombe.

"Ulisema utakipata kisu cha Ndalahwa kabla ya Jumamosi," Inspekta alisema.

"Nilisema."

"Ulimaanisha nini?"

"Kununua, Afande. Nilitaka nikitundike hapo mlangoni. Watu wangekuja kukishangaa, wakiingia ndani nawauzia hivi vyangu. Mzee alikataa, akaniita mchuuzi."

"Jana saa tisa mpaka kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, nashusha mzigo kutoka kwenye lori. Nusu ya soko ilinisaidia, na nusu nyingine ilisimama kutoa ushauri. Uliza yeyote."

Waliuliza. Ilikuwa kweli, hasa ile ya ushauri.

Shija walimpata kwa fundi cherehani, akipimwa suruali ya suti. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye mikono mikubwa asiyojua pa kuiweka.

"Jana alasiri?"

"Kwa paroko, Afande. Mafundisho ya ndoa. Mimi na Coleta. Tulitoka saa kumi na moja na nusu."

"Hukuupenda uso wa kioo."

"Sikuupenda. Lakini kuiba kisu cha mahari yangu mwenyewe?" Alitabasamu bila furaha. "Coleta nimemsubiri miaka mitatu. Jumamosi nikimkosa, sijui nitarudi bondeni na uso gani."

"Ulimwambia baba yako kwamba amekosea kuchagua?"

Shija alimtazama kama aliyeulizwa kuhusu mvua ya sukari. "Baba hajawahi kukosea, Afande. Ng'ombe wakipotea, njia ndiyo imekosea. Mtumbwi ulipozama Kirando, ziwa ndilo lilikosea. Tumezoea. Ni mtu mzuri sana, ila hilo neno halimo kinywani mwake."

Inspekta hakuandika chochote. Jioni ile alikaa na lile jalada jembamba mezani, akalisoma mara mbili, kisha akamtuma Meshack kwa mhunzi kwenda kuazima yale mabapa matatu.

---

Alhamisi asubuhi Ndalahwa aliitwa kituoni. Juu ya meza yalikuwa yamepangwa mabapa matatu juu ya gazeti: jeusi, la msasa, la kioo.

"Mzee," Inspekta alisema, "bado hatujakipata. Lakini siku zinakwenda. Tuseme Kalisti atapata chuma kingine, ajaribu kufua kisu usiku na mchana. Lazima tumwambie mapema uso gani. Chagua."

"Mweusi."

Hakuinama kutazama. Hakugusa. Alilisema kama mtu anayetaja jina la mkewe.

"Una hakika?"

"Mweusi. Hauna makuu, hauogopi kitu. Mwambie aanze leo." Na kwa mara ya kwanza tangu aibiwe, Ndalahwa alitabasamu, akamshukuru Inspekta kwa mikono miwili, akaondoka na fimbo yake akipiga hatua ndefu.

Meshack alifunga mlango. "Angalau amekubali ushauri."

"Wiki mbili, Meshack. Wiki mbili amepigana na mhunzi na mwanawe kwa ajili ya uso wa kioo. Jumanne adhuhuri alikuwa bado anautaka. Alhamisi hataki hata kuutazama. Wizi unaweza kumnyima mtu kisu. Unawezaje kumbadilisha asipende kung'aa?"

"Labda ana huzuni."

"Mwenye huzuni angetaka kile kile kilichopotea. Huyu amekiona kioo kikimwaibisha. Swali ni wapi." Alilichukua lile bapa la kioo. "Kalisti alisema ni mzuri hadi siku unapoufanyia kazi. Twende tukamuulize kazi gani."

Kalisti alimwomba mkewe ndimu moja, akaikata kwa bapa la kioo, akaliacha likiwa limelowa juu ya fuawe. Wakangoja. Haikufika dakika kumi, lile bapa lilianza kuota madoa, mengine ya buluu, mengine ya rangi ya moshi, kama ramani ya nchi isiyojulikana. Akakata nusu nyingine kwa bapa jeusi. Lile halikuonyesha kitu.

"Springi si kama visu vya Loth," alisema. "Ni chuma halisi, kina njaa. Ndimu, nyanya, kitunguu, chochote kichachu kinakila usoni. Nilimwambia. Akasema kisu cha mahari ni cha kutazamwa, si cha kukatia ndimu."

Koplo Meshack alikuwa ameinua kidole polepole, kama mwanafunzi asiyeamini kwamba ana jibu.

"Afande. Jumanne ilikuwa mnada wa ng'ombe."

"Ndiyo."

"Nyama ya mnadani hailiwi bila ndimu."

Inspekta alimtazama kwa upendo mkubwa. "Meshack, leo chakula cha mchana ni juu yangu."

---

Siku zisizo za mnada, Jenifer aliuza ndimu, pilipili na chumvi pembeni mwa soko. Siku za mnada alihamia kwenye uwanja wa ng'ombe, karibu na wachoma nyama, na hakuna kilichompita.

"Mzee mrefu wa kofia ya pama?" alisema. "Namkumbuka. Alikuja kwenye saa kumi. Alinunua ndimu sita, akachukua mbavu za mbuzi nzima, akakaribisha wenzake. Halafu akachomoa kisu. Jamani, kilikuwa kinawaka. Alikuwa anawaonyesha nyuso zao, mmoja mmoja. Mmoja akaona meno yake yamepungua, akanuna."

"Alikatia nini?"

"Kila kitu. Mbavu, ndimu, pilipili. Akakiweka kwenye sinia akaendelea na maneno, ya kwamba wazazi wa huyo binti watajua wamepata mkwe. Baadaye yule aliyenuna akauliza, 'Mzee Ndalahwa, mbona kisu chako kimeota ukurutu?' Watu wakacheka mpaka wachoma nyama wakaacha moto."

"Yeye akafanya nini?"

"Alikipangusa kwa kofia. Kikazidi. Akakiingiza ndani ya koti, akaondoka. Hakumaliza hata mbavu."

"Hakumaliza mbavu?" Meshack aliuliza, kalamu hewani.

"Aliacha zaidi ya nusu."

Koplo aliandika hilo kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Kwake yeye, kati ya ushahidi wote uliokusanywa katika shauri hili, huo ndio ulikuwa mzito kuliko wote.

---

Ndalahwa alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya wageni karibu na stendi. Walimkuta ameketi uani kwenye kigoda, jua likimpiga mgongoni. Inspekta alikuwa na hati ya upekuzi mfukoni. Hakuitoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kalisti ameanza?"

"Kalisti hana chuma kingine. Springi ya Flavian ilitosha kisu kimoja, na kufua kingine ni kazi ya siku nane. Kwa hiyo Jumamosi kisu ni kile kile, au hakuna."

Fimbo ya mzee iliacha kuchora mchangani.

"Mzee wangu, ufunguo uko kwenye chungu cha majivu. Wewe unajua?"

"Watu wengi wanajua."

"Lakini si wengi wanaoacha kitambaa. Mwizi angekificha kisu. Aliyekichukua alitaka kionekane. Jumanne saa kumi ulikuwa wapi?"

"Mnadani."

"Ulikula?"

"Kidogo."

"Mbavu za mbuzi, nusu," Meshack alisoma kutoka kwenye daftari. "Ndimu sita."

Kuku alipita kati yao. Ndalahwa alivua kofia, na ndani ya ukingo wake lilionekana doa la rangi ya moshi, mahali alipopangusia.

"Kipo chini ya godoro," alisema. "Nimekifunga kwenye ngozi."

Meshack aliingia, akatoka nacho. Kisu kilikuwa kirefu kama mkono hadi kiwiko, kimepinda kidogo mgongoni, mpini wa pembe umeshikwa kwa misumari mitatu ya shaba. Umbo lake lilikuwa zuri mno kiasi kwamba aibu ya uso wake ilizidi kuonekana. Chumvi na ndimu za siku mbili ndani ya ngozi mbichi zilikuwa zimefanya kazi. Madoa, kutu, mistari. Nusu ya uso ilikuwa bado inang'aa, na hiyo ndiyo iliyoumiza zaidi.

"Nilitaka wakione tu," Ndalahwa alisema taratibu. "Nilipofika Kalisti hakuwepo. Nikasema nakichukua mara moja, jioni nakirudisha. Ni changu, nimelipia mtamba mzima."

"Na kilipoharibika, kwa nini hukumpelekea? Angekisugua siku moja."

"Angesema, si nilikwambia."

"Ni hilo tu?"

"Kwako ni tu." Mzee aliishika kofia kwa mikono miwili. "Mwanangu, nilipotoka Shinyanga nilikuwa na watu kumi na wanne nyuma yangu, na ng'ombe, na watoto wa mgongoni. Shija alikuwa na miaka sita. Njia sikuijua. Kila siku mtu ananiuliza, baba, ni hapa? Nasema ni hapa. Ningesema hata mara moja kwamba nimekosea, wangekaa chini wote, na pale pasingekuwa na maji. Basi nikajizoeza. Tukafika. Sasa tumefika miaka ishirini, na mdomo umezoea, haurudi."

Inspekta alivuta kigoda kingine, akaketi.

"Kalisti aliponiambia kisu kimeibiwa, niliona mlango. Nikasema, mtu aliyeibiwa hachekwi. Atafua kingine, nitamwachia aweke uso mweusi anaoutaka, atafurahi, Shija atafurahi, na hakuna atakayesema si tulikwambia. Sikujua kuhusu siku nane. Tangu jana silali. Naona harusi ya mwanangu inakufa, na mimi ndiye ninayeiua, na bado neno haliji."

"Na Loth?"

"Loth ana mdomo. Nilidhani mtamhoji kidogo, atapoa."

"Kumdanganya askari ni kosa, mzee. Naweza kukuweka mahabusu sasa hivi, na Jumamosi ikakukuta humo."

"Najua."

"Kwa hiyo tutafanya hivi. Kwanza, unaandika maelezo yako, yote. Pili, unamtaka radhi Loth, na Jumamosi anakaa meza ya wazee. Tatu, kisu unampelekea Kalisti kwa mkono wako. Na lile neno utalisema mbele ya Flavian na mbele ya Shija. Ukishindwa, nitalisema mimi kwa niaba yako. Na mimi nitasoma kutoka kwenye jalada, pamoja na habari ya mbavu."

---

Kalisti alikipokea kisu, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Wote walingoja maneno yale mawili. Ndalahwa alikuwa amekwisha kuinamisha shingo kuyapokea.

Mhunzi hakuyasema. Alipitisha kidole kwenye doa kubwa karibu na makali, kisha akakipeleka karibu zaidi na macho.

"Tazameni hapa," alisema. "Kabla ya kukipasha moto na kukizamisha niliupaka mgongo udongo wa kichuguu, kama baba alivyonifundisha, ili makali yakaze na mgongo ubaki laini. Mpaka wa udongo hauonekani kwa kusugua. Ndimu imeutoa."

Kweli, palepale doa lilipokuwa zito, mstari mweupe ulipita sambamba na makali, unapanda na kushuka kama ukingo wa milima ya Lyamba lya Mfipa unavyoonekana ukiwa bondeni.

"Unaweza kukiokoa?" Inspekta aliuliza.

"Cheusi hakiwezekani tena, moto utaunguza pembe. Kioo nikikirudisha, Flavian atakata nyama mara moja na tutarudi hapa hapa." Alifikiri, akaanza kucheka kifuani. "Ndimu imekichafua kwa sababu ilikigusa hapa na pale. Nitakisugua kutu, halafu nitakizamisha chote kwenye maji ya ndimu ya moto. Kikishashiba, hakitakuwa na njaa tena. Nileteeni ndimu mia."

"Atazikamua mwenyewe," Inspekta alisema, akimwonyesha Ndalahwa.

Jenifer aliuza mzigo wake wote siku ile. Ijumaa nzima mwenye ng'ombe mia mbili alikaa kwenye kibanda cha mhunzi, mikono ya shati imekunjwa, akikamua ndimu kwenye sufuria, huku Meshack akisimamia kwa niaba ya Jamhuri na kuhesabu kwa sauti.

---

Jumamosi asubuhi uani kwa Flavian, Msanzi, hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Kina mama wa jumuiya walikuwa wamefika na vyungu vya pombe ya ulezi, Wasukuma wa bondeni wamefika na ngoma zao, na Loth amekaa meza ya wazee akiwa na tai. Inspekta Evodia alisimama nyuma, amevaa kitenge, jalada limo ndani ya mkoba.

Flavian alikuwa mfupi, mkavu, asiye na mzaha. Alikipokea kisu kwa mikono miwili, akafungua kitambaa.

Hakikung'aa. Kilikuwa cha kijivu kizito, sawasawa kutoka mpini hadi ncha, rangi ya wingu la Desemba kabla halijamwaga. Na karibu na makali, ule mstari mweupe ulipita wote, bila kukatika.

Flavian aliagiza nyama na ndimu. Akakata nyama, akakata ndimu, akakilaza kisu kikiwa kimelowa juu ya meza, akakunja mikono. Watu wote walikitazama kisu. Shija alimtazama Coleta, aliyechungulia mlangoni kwa ndani, na Coleta akatazama chini. Dakika zilipita. Ndalahwa alikuwa anatoka jasho katika baridi ile.

Uso wa kisu haukubadilika.

"Cha babu yangu kilikuwa hivi," Flavian alisema mwishowe. "Miaka arobaini alikitumia, kikawa hivi. Sikujua kwamba kuna mtu anaweza kukitengeneza kipya kikatoka hivi. Nani aliyechagua uso huu?"

Kalisti alitazama mbingu. Meshack alitazama nyama. Inspekta alifungua mkoba wake polepole, zipu ikasikika.

Ndalahwa alivua kofia.

"Hakuna aliyechagua," alisema. "Mimi nilichagua wa kioo. Nikakichukua kwa siri kwenda kujionyesha mnadani, kikaharibika, nikasema nimeibiwa. Kalisti alinionya. Mwanangu alinionya." Ilionekana neno lililobaki ni kitu kikubwa, na kilikuwa kinapita mahali pembamba. "Nilikosea."

Flavian alikisogeza kisu upande wake wa meza.

"Basi chuma kimeingia," Flavian alisema. Akampa Ndalahwa mkono, na hakuuachia haraka. "Mtu aliyeweza kusema hivyo mbele ya watu wote hawa, ningempa binti hata bila ng'ombe."

"Ng'ombe wako hapo nyuma," Ndalahwa alisema. "Nikawarudishe?"

"Wameshazoea majani," Flavian alijibu, na uani pote pakalipuka kwa vicheko na vigelegele, na ngoma zikaanza kabla hazijaambiwa.

Inspekta Evodia alitoa jalada, akaandika mstari mmoja chini kabisa: kisu kimepatikana, mlalamikaji ameridhika. Akalifunga.

Shija alipenya katikati ya watu hadi kwa baba yake. Macho yake yalikuwa yamelowa, naye hakujisumbua kuyafuta.

"Baba," alisema, "kwenye ngoma hizi sikusikia vizuri. Ulisema nini pale?"

Ndalahwa alivaa kofia yake yenye doa, akaivuta mbele kidogo.

"Ulisikia," alisema, akakichukua kile kisu mezani na kumkatia mwanawe kipande kikubwa cha nyama.